Hela isiyo na jina

Mi nachapa mikataba. Ndo kazi yangu, nina stesheneri ndogo hapa Mtwara mjini hatua chache tu kutoka mahakamani, kopi, kuskani, picha za pasipoti na kuchapa. Watu wanakuja wawili wawili, muuza kiwanja na mnunuzi, wanabanana kwenye benchi langu na mashahidi wao, naandika HATI YA MAKUBALIANO kwa herufi kubwa napigia mstari chini, wanasaini, wengine wanaenda kwa wakili kugongewa muhuri wengine wanakunja wanatia mfukoni. Nimechapa mamia ya hizo karatasi. Afu hela kubwa kuliko zote niliyowahi kuitoa mkononi kwangu, milioni tatu, niliitoa bila hata karatasi ya kufungia karanga.

Nilimpa shoga yangu. Na nikisema shoga simaanishi mtu wa kupiga nae picha kwenye harusi, tulichezwa unyago pamoja Newala, tumelala mkeka mmoja, tumefinywa na kungwi mmoja, akianza kuimba namalizia. Mtu wa hivyo unamwambiaje lete kitambulisho tuandikishane? Mwaka 2018 mwezi wa nane akaja dukani, jua kali, kajifunga khanga kichwani vumbi lote la barabara ya Tandahimba liko mwilini mwake, akanywa maji glasi mbili bila kupumua. Akasema kuna korosho vijijini watu wana shida na hela, mwaka jana bei imepita elfu nne kwa kilo, sisi tukizichukua sasa hivi kwa elfu moja mia tano unaona mwenyewe hesabu inavyokwenda. Nikamuuliza afu mimi inakuaje. Akanishika goti akasema, "We nipe, msimu ukiisha tutaangaliana."

Tutaangaliana. Hilo neno ndo mkataba wetu wote, hakuna kifungu kingine.

Kwa ambao hawako kusini niwaeleze kidogo. Korosho huku haziuzwi kiholela, mkulima anapeleka kwenye chama cha msingi, yaani AMCOS, zinapimwa, zinaenda ghala kuu, mnada unafanyika, hela inaingia kwenye akaunti yake. Ndo stakabadhi ghalani hiyo. Sasa katikati hapo kuna kangomba, yaani mtu mwenye hela anamfata mkulima kabla ya msimu, wakati mtoto anadaiwa sare na salfa ya kupuliza mikorosho imekopwa, anamlipa nusu bei, tena zamani wanapima kwa bakuli linalozidi kilo ndo jina lilipotokea, afu msimu ukifunguliwa yeye ndo anazipeleka ghalani kwa jina la mkulima. Imekatazwa. Kila mtu anajua imekatazwa, matangazo yanapita na spika, na kila mtaa unamjua wa kwake anaefanya. Mi nilijua. Sijaja hapa kujifanya niliingizwa mjini.

Ile milioni tatu sasa. Milioni mbili ilikuwa yangu, ya kikoba, ya kuamka saa kumi na moja. Milioni moja haikuwa yangu. Bwana yangu alinipa niiweke, hela ya mabati, tulikuwa tumefikisha renta nyumba ya Mikindani na tunasubiri tu kuezeka. Alinipa mimi kwa sababu alijijua, hela ikikaa kwake ndugu wakilia shida anatoa. "Weka wewe, we mgumu." Nikaiweka kwenye bati la maziwa ya unga, kisha nikaitoa humo nikampa shoga, na nikajiambia msimu ukiisha ntairudisha na nyongeza ndo nimwambie, tucheke wote.

Msimu wa 2018 wanaoukumbuka wanaukumbuka. Minada imefunguliwa mwezi wa kumi, wanunuzi wameleta bei za chini, wakulima wakakataa, wakakataa tena, mwezi wa kumi na moja Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua zote kwa shilingi 3,300 na jeshi ndo litabeba. Tukaona malori ya jeshi kwa macho yetu. Siku hiyo shoga alinipigia anapiga vigelegele kwenye simu, mia tatu juu ya elfu tatu, tushapata! Hata wiki mbili hazikupita likaja neno uhakiki. Yaani ukiwa na korosho nyingi wanakuja kuuliza, shamba lako liko wapi tulione.

Mzigo wetu shoga alikuwa ameugawa kwenye majina ya watu wake, wifi yake, jirani, na fungu kubwa kwa mjomba wake. Mjomba ana mikorosho kama arobaini, mizee, na jina lake ghalani linasoma tani moja na nusu. Wale watu wa uhakiki walipofika mzee wa watu akawatembeza, akawaonyesha mikorosho yake, ikaisha haraka, akaendelea kutembea tu, akavuka mpaka akaingia kwenye shamba la jirani huku anaonyesha kwa fimbo, na hii yangu, na ile yangu. Jirani yuko palepale chini ya mkorosho anatenganisha mabibo, anamuangalia tu. Hii nilihadithiwa na shoga mwenyewe na tulicheka mpaka machozi, maana kulia tulikuwa bado hatujaanza.

Kuna mzigo ulikwama. Kuna uliokubaliwa, ule unaolingana na miti ya mjomba, nao ukalipwa, kwenye akaunti ya mjomba. Na mjomba akakaa na hela yake. Shoga alipoenda kumdai mzee akamuuliza swali moja, "Stakabadhi ina jina la nani?" Sisi Wamakonde mjomba ni mjomba, ndo anaekutoa kuolewa, ndo anaesimama ukifiwa, humpeleki popote. Basi hiyo nayo ikaishia hapo, shoga akarudi mjini amekonda.

Hapo ndo tukaanza kuangaliana.

Nikamwambia shoga, nilikukopesha, nirudishie hela yangu hata kidogo kidogo. Akanitazama kama nimemtukana. "Nilikukopa saa ngapi? Si tulifanya biashara? Biashara ina kupata na kukosa, mi mwenyewe nimeweka za kwangu zimekwenda." Nikasema we ndo ulisema nikupe. Akasema na we ulitaka faida, au nilikwambia riba? Tulikuwa tunaongea jikoni kwake, kuna ming'oko inachemka, na hakuna aliekuwa anadanganya. Hili ndo limenikaa kichwani mpaka leo. Ye kweli alikumbuka ubia. Mi kweli nilikumbuka mkopo. Lakini ngoja niseme ukweli ambao jikoni pale sikuusema: zile korosho zingelipwa zote kwa 3,300, mi nisingechukua milioni tatu yangu nikaondoka, ningekaa palepale nikasema haya tugawane nusu kwa nusu mwali mwenzangu, si tulikuwa wote? Ningeiita ubia mchana kweupe. Ilivyopotea ndo nikaiita mkopo. Na ye ingelipwa sijui angeiitaje, labda angenirudishia milioni tatu na kitenge.

Kila siku nachapa haya maneno na sikuwahi kuyafikiria. Mkopo unarudi uwe umepata uwe umekosa. Ubia mnakula wote na kulia wote, na kila mmoja anatakiwa kumuonyesha mwenzie hesabu za kweli, iko kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, sehemu ya ubia imo humohumo. Amana nayo ni nyingine kabisa, umeachiwa kitu cha mtu, kazi yako ni kukirudisha, hujaambiwa kizungushe. Hela ni ileile, noti zilezile, ila ukiipa jina hili inakuwa na miguu huku, ukiipa lile inaelekea kule. Yetu haikuwa na jina.

Nilienda polisi, naona aibu kuandika ila nilienda. Nimeshazoea kusikia wateja wanasema wizi wa kuaminiwa, nikajua ndo wangu huu, nimemuamini kaniibia. Askari wa mapokezi, mtu mzima, akanisikiliza vizuri tu akaniuliza, "Mama, ulimpa akafanyie nini, na alifanya hicho au alifanya kingine?" Nikasema akanunue korosho. Alinunua? Alinunua. "Sasa kaiba nini? Hiyo madai, nenda mahakamani." Akaendelea kuandika kitabu chake.

Mahakamani ni hatua chache nimesema, ila sikwenda moja kwa moja. Kuna wakili anakuja kuprinti kwangu, nikamtegea siku ambayo hana haraka, nikampa kopi zake bure. Nilidhani ataniambia bila karatasi huna kesi, akasema hapana dada, makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, kifungu cha 10 hicho, shida ya mdomo ni ushahidi tu, na una miaka sita ya kudai. Nikapata nguvu mpaka nikavuta kiti. Akauliza biashara yenyewe ya nini. Korosho. Akauliza za AMCOS au kangomba?

Nikanyamaza. Printa ikawa inatoa karatasi yake ya mwisho, akaichukua ingali ya moto, akazigonga gonga mezani zikae sawa. Akasema kwa sauti ya chini maana kuna mteja mlangoni, mkataba wa kufanya kitu kilichokatazwa na sheria ni batili toka siku ya kwanza, utasimama kizimbani umwambie hakimu nini, kwamba tulikubaliana kuvunja sheria na mwenzangu hajanigawia? Akaweka shilingi mia tano ya zile kopi za bure, akaondoka.

Kwa hiyo mlango wa polisi umefungwa, wa mahakama umefungwa na nimeufunga mwenyewe kabla sijafika. Ikabaki nyumbani.

Nyumbani bwana yangu alikuwa hajauliza. Mwezi wa kumi na mbili mvua zimeanza, ukuta wa Mikindani unanyeshewa bila paa, tofali la juu linaanza kumeguka, na haulizi. Mi kila akiingia namsemesha habari za bei ya mchele. Mpaka jioni moja amekaa uani anamenya embe na kisu kidogo, bila kuinua uso akasema, "Lile bati la maziwa nililinyanyua mwezi wa tisa. Jepesi." Mwezi wa tisa! Miezi mitatu mtu anajua, anakula na mimi, analala na mimi, anasubiri niseme mwenyewe. Nikaanza kulia, nikaeleza yote, shoga, mjomba, uhakiki, alivyonidhulumu. Aliponisikia nasema nimedhulumiwa akacheka kidogo, siyo cheko la furaha, akasema, "Ye angalau alikuomba."

Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Mi ndo natangaza dukani fomu za ridhaa ya mwenza, ukitaka kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa lazima mwenzio akubali, Sheria ya Ndoa ya 1971 imesema, nawapa watu somo kabisa pale kaunta. Hela ya mabati haina fomu. Ilikuwa amana, na mi niliigeuza mtaji bila kumuuliza mwenyewe, halafu nikaenda kituoni kushtaki wizi wa kuaminiwa. Yule askari angejua!

Hatukuachana, naona watu wanasubiri hapo. Tuliezeka mwaka uliofuata, kwa tabu. Ila kuna kitu kilibadilika kidogo tu, akinipa hela sasa anasema na ya nini. "Hii ya umeme." "Hii ya kwako, usinirudishie." Mwanzo ilinichoma kama ananisema. Sasa hivi nisipoisikia naona kama kasahau kitu.

Mbaya zaidi ni nilichofanya dukani, na hili ndo linaniuma kuliko hata milioni tatu. Nilikuwa na binti wa kazi, ametoka Mtama kule Lindi, mwaka wa pili yuko na mimi, mpole, anachapa kwa vidole viwili lakini hakosei. Mi baada ya yale yote nikawa simuamini mtu. Nahesabu rimu asubuhi, nahesabu jioni. Siku moja mahesabu yakapungua elfu kumi na saba na mia tano, nikamuita mbele ya wateja, nikamwambia kama mnaniona mi shamba la bibi basi leo mwisho, toa hela. Hakujibu. Akavua funguo ya kabati shingoni alikoifunga kwa uzi, akaweka juu ya mashine ya kopi, akaenda.

Wiki hiyohiyo natafuta stepla chini ya kaunta nikakuta daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ameandika kila kitu. Kila kitu bana. "Kopi 4, mzee wa kofia, hajalipa." "Mama katoa 2,000 ya dagaa." "Karani wa mahakama rimu 1, kasema mama anajua." Rimu! Nilijua, nilimpa mwenyewe yule karani kwa mdomo, nikasahau, na vile vya kukopwa vingine vinne vitano, ukijumlisha inafika elfu kumi na saba na mia tano bila kupungua hata mia. Chini ya jedwali akawa ameandika kwa penseli, mama awe anaandika.

Nilimtafuta. Kwa sheria nilikuwa nimekwisha, sijawahi kumpa hata karatasi moja ya maelezo ya kazi ingawa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri aandike, sikumsikiliza, sikumpa notisi, angekwenda Tume ya Usuluhishi ndani ya zile siku thelathini ningelipa na kopi zote nilizowahi kutoa. Hakwenda. Nilimpigia akapokea, nikaomba radhi, nikamtumia mshahara wa mwezi na wa mwezi unaofuata, nikamwambia rudi. Akasema, "Asante mama, nimeshapata sehemu Lindi mjini." Kwa adabu ileile. Ningependa angenitukana.

Watu huku wanapenda kusema ukiandikishana na mtu maana yake humuamini. Nawasikia kila siku kwenye benchi langu, wa kwanza anataka kuandika, wa pili ananuna. Mi siku hizi nawaambia hiyo karatasi haimlindi mtu na mwizi, mwizi anasaini vizuri tu na kalamu anakuibia. Inawalinda nyie wawili wazuri, ambao baada ya miezi sita kila mmoja atakuwa anakumbuka la kwake na wote mnasema kweli. Kuna wanaonielewa, wengine wananiona natafuta hela ya kuchapa, na sio uongo natafuta.

Juzi wamekuja vijana wawili, marafiki, bodaboda ya mkataba. Mmoja kanunua pikipiki, mwenzie aendeshe alete hesabu kila wiki mpaka itimie, pikipiki iwe yake. Wameshaandika kila kitu kwenye meseji, nichape tu. Nikasoma, nikawauliza ikiibiwa mwezi wa tatu? Wakatazamana. Ikigonga mtu? Huyu akiumwa wiki mbili hesabu inasimama au inalimbikizwa? Mwenye pikipiki akasema, "Mama si tunaaminiana sisi, tutaangaliana." Nikatoa mikono kwenye kibodi. Nikawaambia nendeni mkanywe chai pale nje, mkirudi mniambie hilo neno mnalichapaje. Walikaa karibu saa nzima, nawaona kwa dirishani wanabishana mpaka mmoja anasimama, anakaa. Wakarudi na mambo saba, mengine sikuwa nimeyafikiria hata mimi.

Shoga hatusalimiani kama zamani. Tukikutana msibani tunashikana mikono, anauliza watoto, nauliza mjomba. Mjomba hajambo.

Mwaka 2023, mwezi wa kumi, simu ikaita mlio wa meseji niko naegesha karatasi kwenye printa. Laki moja na hamsini, imetoka kwenye namba yake. Nikasubiri meseji ya pili, ya maelezo. Haikuja. Nikampigia hakupokea. Yule wakili siku nyingine nikamuuliza, akasema kwa deni la kawaida mtu akilipa kidogo ni kama amelikiri, miaka yako inaanza kuhesabiwa upya, afu akakumbuka ni ile ya kangomba akatikisa kichwa akachukua kopi zake.

Nina daftari siku hizi, nimechora mwenyewe kwa rula, tarehe, mtu, kiasi, ya nini. Niliandika tarehe. Nikaandika jina lake, lile la unyagoni, siyo la kwenye simu. Nikaandika 150,000. Safu ya mwisho nimeiacha, nikamuhudumia mteja alikuwa anataka picha za pasipoti.